Mkuki Mlangoni kwa Bi Mwanne

Bushiri alimtambua kwa mwendo. Wengine wote pale barazani waliona jeshi.

Kwanza lilionekana vumbi upande wa mashariki, inakoanzia mbuga ya Mhinda. Kisha ikaonekana mikuki imeinuliwa juu, na ngao za ngozi, na mashuka mekundu yaliyofungwa begani kama wafungavyo wanaume wa Kigogo waendapo vitani. Njuga zililia miguuni mwao. Askari aliyetumwa kutoka boma la Kilimatinde kuja kuchukua jina la jumbe mpya alikiweka chini kikombe chake cha kahawa, akanyoosha mkono kuifuata bunduki iliyoegemezwa ukutani.

"Bwana Akida," akasema, "uliniambia umeita baraza. Hukuniambia umeita vita."

Akida Abbasi alisimama taratibu, kama kawaida yake. Alikuwa mtu mnene wa ukoo wa pwani, baba yake alikuja bara na misafara ya pembe akakaa hapo hapo kandokando ya njia. Sasa Wadachi walikuwa wamempa kilemba cha uakida na nchi nne za Wagogo azisimamie. Alikinga macho kwa kiganja.

"Matonya, hawa ni watu wako?"

Matonya alikuwa ameketi kwenye mkeka wa mbele na jamaa zake wachache, miguu ameikunja kama mwenye nyumba. Tangu asubuhi hakukuwa na mtu mwingine wa Mhinda aliyefika, na jambo hilo lilikuwa limempendeza. Alitazama kule kwenye vumbi na tabasamu lake likamkauka mdomoni. 

"Ondoa mkono kwenye bunduki," Bushiri alimwambia askari. "Ni wanawake."

"Wanawake gani wa kubeba mikuki?"

"Wa Mhinda. Wale walioko kule nyuma siwajui wote. Yule wa mbele ni Nyemo, binti wa marehemu mtemi."

"Umemjuaje, umbali wote huu?"

Bushiri, mkalimani wa baraza, asingeweza kulisema hilo mbele ya akida, mjomba wake. Angesemaje? Kwamba kiangazi chote, kila alipotumwa kisimani kuwapimia wapagazi maji, alikuwa akimtazama msichana yule akipandisha kilima na mtungi kichwani, kwa hatua ndefu zisizo na pupa, bega la kushoto likitangulia kidogo? Leo hakuwa na mtungi. Shuka lilikuwa la mwanamume, nywele zilipakwa udongo mwekundu kama za kijana wa kiume, na mkononi alishika mkuki mrefu. Lakini bega lilikuwa lile lile, na moyo wa Bushiri ulienda mbio vile vile.

Ilikuwa miaka ile reli imefika Morogoro, watu wa bara wakiisikia tu kwa habari. Mtemi wa Mhinda alikuwa amefariki wakati wa mavuno, na boma lilitaka jumbe wa kupokea amri. Waliotajwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni Ndahani, kaka yake Nyemo, mrithi wa kigoda cha baba yake na mawe ya kuombea mvua. Wa pili ni Matonya, aliyeihama nchi zamani akajenga karibu na njia ya misafara, akauza ng'ombe kwa wapitaji na kupata mali. Mtu yeyote angeweza kusema watu wa Mhinda wangemtaka nani. Lakini boma lilisema jina litolewe barazani, na asiyefika barazani hana sauti.

Matonya alikuwa na haja nyingine pia. Mwaka uliopita alimposa Nyemo akakataliwa. Siku chache zilizopita, mbele ya watu kisimani, alicheka akasema, "Nikikaa kwenye kiti cha ujumbe sitaposa tena. Nitatuma tu." Bushiri aliyasikia maneno yale kwa masikio yake, na tangu hapo hakulala vizuri.

Na siku ya baraza aliichagua yeye, Bushiri. Mjomba alimwuliza, "Wewe unayejua lugha yao, niambie ni siku gani nitawapata wanaume wote wa Mhinda wasiwe machungani wala porini?" Bushiri akakumbuka neno la Nyemo. Msichana alikuwa amemwambia, "Mwezi ukiandama, kwa siku mbili usije kisimani. Wanaume wetu wote watakuwa nyumbani." Hakumweleza sababu, naye hakuuliza. Akamwambia mjomba wake siku ile, akijiona ametenda wema. Ndahani angekuja na watu wake wote, angechaguliwa, na Nyemo angesalimika.

Ndahani hakuja. Wamekuja wanawake.

Walipofika uwanjani mbele ya nyumba ya akida, Nyemo aliinua kidole kimoja. Kidole tu. Nyimbo zikakatika, njuga zikanyamaza, na kundi lote lile, vijana kwa vikongwe, likasimama kama lililokatwa kwa kisu. Askari, ambaye kazi yake ilikuwa kuamrisha watu wasimame, alitikisa kichwa bila kujua.

"Mbukwa," Nyemo akasalimu. Aliitoa kwa sauti nzito, ya kifuani.

"Mwambie," akida akamwambia Bushiri, "wanawake hawaitwi barazani. Kama wana mashtaka, waje kesho mmoja mmoja, na waache hivyo vyuma nyumbani."

Bushiri akatafsiri. Ndipo Nyemo alipomtazama. Macho yale aliyokuwa ameyazoea yakimcheka juu ya ukingo wa mtungi leo yalikuwa makavu, yanapita juu yake kama yanavyopita juu ya kisiki.

"Mwambie mjomba wako," akasema kwa Kigogo, "leo Mhinda haikuleta wanawake. Wanawake wetu wako nyumbani, wanasaga uwele na kubembeleza watoto. Wana ndevu, lakini wanajitahidi."

Kicheko kikalipuka nyuma yake.

"Wangu kaunguza mlenda!" mmoja akapaza sauti.

"Afadhali yako! Wangu kalia kabla ya mtoto!"

Bushiri alitafsiri yote, maana ndiyo kazi yake, na masikio yalimwaka moto. Akida aliuliza kama huu ni mzaha. Akajitokeza bibi mmoja mwenye mvi zilizofunikwa kwa udongo mwekundu, Mbeleje, mjane mkubwa wa mtemi. Alikuwa ameshika rungu la marehemu mumewe, na alizungumza akimtazama akida kana kwamba Bushiri ni dirisha tu.

"Ng'ombe wanakufa, mwanangu. Hukusikia? Nchi imechafuka. Nchi ikichafuka na waganga wakashindwa, sisi wanawake ndio wa kuisafisha. Kwa siku mbili tunakuwa wanaume. Tunashika mikuki, tunachunga, tunautoa ugonjwa mpaka nje ya mpaka. Wanaume wanakuwa wanawake. Hakuna anayevuka kizingiti cha nyumba yake. Mwanamume akitoka, ugonjwa unarudi naye. Mara ya mwisho tulifanya hivi wakati wa sotoka kubwa, huyu mkalimani wako alikuwa bado ananyonya. Jua la leo likizama tutarudisha mikuki na kuchukua mitungi. Lakini halijazama."

Bushiri alisikia kinywa chake kikiyasema maneno yale kwa Kiswahili, na kila neno lilimshukia kama jiwe. *Wanaume wetu wote watakuwa nyumbani.* Kweli tupu, kama alivyoambiwa. Naye aliichukua kweli ile akaifanya kufuli, akaifunga nchi nzima ndani.

Nyemo alimsogelea. Alishusha sauti, lakini si sana.

"Nilikwambia wewe. Wewe peke yako. Juzi kaka yangu kaniuliza mbele ya wazee, 'Ni nani aliyewapa watu wa njiani siku ya kutufungia mlango?' Nikanyamaza. Bushiri, mimi sijapata kunyamaza kwa hatia tangu nizaliwe."

"Nyemo, Mungu shahidi, nilidhani..."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani mnapumzika."

Akamkodolea macho. "Tunapumzika?"

"Kwamba ni sikukuu. Wanaume wote wamekaa nyumbani, wamepumzika, watapata nafasi ya kuja."

"Wanaume wote wa nchi wamepumzika siku moja," akarudia polepole. "Na ng'ombe wanachungwa na nani? Na upepo?"

Pembe ya mdomo wake ilitikisika. Bushiri hakujua kama ni hasira au ni kile kicheko chake cha kisimani kinachotafuta njia ya kutoka, na angetoa macho yake yote mawili ajue.

"Mnasemezana nini?" akida akafoka. "Nakulipa utafsiri, si unong'one!"

Bushiri aligeuka. Angeweza kusema lolote. Hapakuwa na mtu mwingine pale aliyejua lugha zote mbili vizuri ila Matonya, na Matonya alikuwa anatazama ardhi.

"Anasema siku hii niliichagua mimi, mjomba, kwa kutojua, na kwamba imewafungia watu wa Mhinda majumbani mwao. Ni kweli. Kosa ni langu, si lake wala lao. Ningeuliza sababu, nisingekosea."

 Nyemo hakujua Kiswahili kingi, lakini alijua uso wa mtu anayebeba mzigo wake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalisimama juu ya Bushiri yasipite.

"Basi iwe kesho kutwa," akida akasema, akipangusa jasho. "Tutaahirisha."

"Haiwezekani," askari akasema. "Naondoka kabla ya magharibi. Nimeambiwa nirudi na jina, sikuambiwa nirudi na hadithi."

Matonya akaona mlango umefunguka, akasimama. "Bwana Akida, mambo ya namna hii ni ya watu wa porini. Mimi ni mtu wa serikali. Umeita wanaume, nimekuja. Wengine hawakuja. Kuna shauri gani tena?"

Bushiri alimgeuzia Nyemo maneno yale kwa Kigogo. Alimwona akiyasikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu anayeonja uji kujua umepungukiwa nini. Kisha akaukita mkuki ardhini.

"Nina swali moja kwa huyu," akasema. "Mwulize, leo asubuhi alikula nini?"

Matonya akacheka. "Uji. Uji wa uwele."

"Nani aliyesaga?"

"Mke wangu. Nani mwingine?"

"Mmesikia wenyewe." Nyemo alimgeukia akida, na Bushiri akaanza kutafsiri kabla hajamaliza, sauti zao mbili zikifuatana kama nyayo. "Leo kila mwanamume wa Mhinda yuko nyumbani kwake anasaga. Wapo wenye majivuno kuliko huyu, na wanasaga. Kaka yangu Ndahani, mwenye kigoda, mikono yake imechubuka kwa jiwe. Huyu yuko hapa, kashiba uji wa mkewe. Basi ni mawili. Ama huyu si mwanamume, ama si mtu wa nchi yetu. Achague mwenyewe, sisi hatutamchagulia."

Hata wapagazi waliolala kivulini waliinuka kucheka. Matonya aliwageukia jamaa zake mkekani. Akisema yeye ni mtu wa Mhinda, atakuwa amevunja mwiko, na ng'ombe wote watakaokufa mwaka ule watawekwa mlangoni kwake. Akisema si wa Mhinda, anatafuta nini kwenye ujumbe wake?

Bushiri alikuwa ameshatafsiri maneno ya wakubwa wengi: maofisa wa boma, matajiri wa misafara, watemi wenye vitambi. Hakuwa amepata kubeba kinywani hoja iliyonyooka namna ile. Alijiona mrefu kwa kuisema tu.

Akida alishika ndevu zake. Ndipo kikasikika kikohozi nyuma ya pazia la mlango mkubwa.

Watu wa mji ule walikijua kikohozi kile. Bi Mwanne, dada mkubwa wa akida na mama yake Bushiri, hakupata kuonekana barazani hata siku moja. Alikaa ndani, nyuma ya pazia, na kila shauri lilipokwama alikohoa. Akida alikuwa na jibu moja tu.

"Nitakunywa maji," akasema, akaingia ndani.

Pazia lilikuwa jepesi, na Bi Mwanne hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Abbasi, umeona?"

"Nimeona, dada. Wanawake wamebeba mikuki, wewe unaniuliza nimeona?"

"Sikuulizi mikuki. Umeona kidole? Kainua kidole kimoja, wakanyamaza wote. Wewe ukitaka watu kumi wakusikilize unapasua koo. Kesho boma litataka watu wa kubeba mizigo na kutengeneza njia. Ukimweka Matonya, atakuletea nani? Shemeji zake?"

"Lakini ni wanawake, dada. Nitaandikiwa nini bomani?"

"Nani kakwambia uwataje? Peleka jina la Ndahani, basi. Uliita watu wa nchi, wamekuja kwa desturi ya nchi. Mimi nakupa mashauri yako huu mwaka wa ngapi, nikiwa nimefunikwa pazia? Hawa wamekuja juani. Tofauti ni hiyo tu."

Akida alirudi akipangusa mdomo, ingawa hakuna aliyesikia mlio wa kata.

"Nimefikiri," akasema, na askari akatazama pembeni asicheke. "Jumbe wa Mhinda ni Ndahani. Yuko wapi?"

"Anasaga," Bushiri akajibu.

"Akimaliza kusaga, aje."

Vigelegele havikupigwa, maana wanaume hawapigi vigelegele. Walinguruma, wakagonga ngao kwa mikuki, na kikongwe Mbeleje akacheza hatua tatu za kiume zilizomtoa machozi ya kucheka askari wa boma. Matonya alikunja mkeka wake mwenyewe. Alipopita karibu na Nyemo alisema, "Kesho utakuwa mwanamke tena."

"Kesho, ndiyo," Nyemo akamjibu. "Na wewe kesho utakuwa nani?"

Matonya akaenda zake.

"Bado neno moja," Nyemo akamwambia akida kupitia kwa Bushiri. "Baraza la Mhinda lisipangiwe siku tena kabla ya sisi kuulizwa. Siku za nchi tunazijua sisi. Ni lini watu wanaweza kutoka, ni lini hawawezi. Mtu wa nje akikisia, anaharibu."

"Na nikitaka kuuliza, nimwulize nani?"

"Mniulize mimi."

Akida alimtazama, akalitazama pazia. Pazia halikukohoa. "Haya," akasema.

Askari alishika njia ya Kilimatinde na jina la Ndahani. Wanawake wakaanza kujipanga kuelekea mpaka wa magharibi, kuumalizia ugonjwa huko. Jua lilikuwa limeinama, uwanja umekuwa wa rangi ya asali. Nyemo alibaki nyuma. Alisimama mbele ya Bushiri, na kati yao palikuwa na nafasi ya mkuki uliolazwa.

"Nisamehe," Bushiri akasema.

"Nilikusamehe ulipojitaja mbele ya mjomba wako. Kabla ya hapo nilikuwa nafikiria nikupige na upande upi wa mkuki."

"Kesho utakuja kisimani?"

"Kuja kufanya nini? Kaka yangu anasema mwanamume asiye na ng'ombe hata mmoja ataoa kwa nini, kwa kalamu? Na mama yako kasema hawezi kumwozesha mwanawe msichana anayepaka kichwa udongo."

"Nani kakwambia?"

"Mama yako akisema jambo, linafika kisimani kabla ya maji."

"Nitamsihi atume mshenga. Nitamwambia tena."

"Bushiri, tulipojuana uwele ulikuwa unachipua, ukasema utamwambia. Uwele umechanua, ukasema utamwambia. Sasa tumeshauvuna na unasagwa na waume zetu." Safari hii kicheko kilitoka, kifupi, kikamgusa Bushiri chini ya mbavu. Kisha akawa mzito. "Nisikilize. Kesho nikilisema neno lililo moyoni mwangu, nitaitwa msichana asiye na haya, na kaka yangu ataona aibu kwenye kiti chake kipya. Leo, mpaka jua lile lizame, mimi ni mwanamume. Na mwanamume ana haki ya kuposa."

Kabla Bushiri hajaelewa, Nyemo alikuwa ameshampita. Alipanda ngazi za baraza, akasimama mbele ya mlango mkubwa, akauchomeka mkuki kwenye udongo wa kizingiti mpaka ukasimama wenyewe. Akasema neno la Kiswahili alilokuwa analijua barabara.

"Hodi."

 "Karibu," sauti ya Bi Mwanne ikajibu. "Bushiri, mwulize mgeni anataka nini."

Akamwuliza. Nyemo akajibu. Bushiri akafungua mdomo, na yeye aliyetafsiri hukumu za kunyongwa bila kigugumizi, hakuweza.

"Kimekukwama nini?" mama yake akauliza.

"Anasema... huu ni mkuki wa marehemu baba yake. Anasema kwao mwenye kuposa huacha mkuki wake mlangoni. Ukiingizwa ndani, kakubaliwa maneno yake yazungumzwe. Ukitupwa nje, anaondoka na hatarudi."

"Anamposa nani? Nyumba hii haina binti."

"Anamposa mwanao, mama."

"Mwanangu yupi?"

"Mama, unaye mmoja."

"Najua ninao wangapi. Nataka nikusikie ukisema."

"Mimi," akasema Bushiri. "Ananiposa mimi."

Hata akida, aliyekuwa ameketi pembeni akijifanya anahesabu tasbihi, alisimamisha kidole kwenye punje.

"Mwulize," Bi Mwanne akasema, "analeta ng'ombe wangapi."

Nyemo alisikiliza tafsiri, akainua kidevu. "Mwambie ng'ombe ni wa kaka yangu, na wengi wamekufa. Mimi nina mkuki huu, na nina nchi niliyoisemea leo. Zaidi ya hapo sina, na sitasema uongo nionekane ninacho."

"Na dini? Atasilimu?"

"Hilo ni la kuzungumza nikiwa mwanamke, wewe na mimi, tumekaa chini. Leo naomba jambo moja tu: mlango usifungwe kabla hatujazungumza."

Pazia likatikisika, kisha likatulia.  Nyemo alingoja kiasi cha adabu. Aligeuka, akashuka ngazi, na alipompita Bushiri vidole vyake viligusa mgongo wa mkono wake, mguso mwepesi kama wa unga unaomwagika. Kisha akakimbia kuwafuata wenzake, mikono mitupu, yeye peke yake katika jeshi lile asiye na silaha.

Bushiri alikaa kwenye ngazi. Aliwasikiliza wakienda na nyimbo zao nzito za kiume, mpaka jua lilipoegemea vilima, likazama. Kule mbali nyimbo zikakoma.  Kisha upepo ukaleta sauti nyingine, nyembamba, za juu, zilizojaa: vigelegele. Wamekuwa wanawake tena. Na mkuki ulikuwa bado umesimama mlangoni, kivuli chake kimeshafutika.

Pazia lilifunguliwa. Bi Mwanne alitoka, kaniki imemfunika kichwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu wa mji ule kumwona amesimama barazani. Aliutazama mkuki juu mpaka chini. Aliupitishia kidole kwenye mpini, pale ulipochakaa kwa kushikwa na mkono wa mtu ambaye hayupo tena.

"Mtu aliyeacha urithi wa baba yake mlangoni kwa watu," akasema, "ama ni mpumbavu, ama anajua hakika kaka yake atakuja kuufuata, na akija itabidi tuzungumze."

"Yeye si mpumbavu, mama."

"Sikukuuliza. Nimemsikia kutwa nzima, tena kwa kinywa chako." Aliushika kwa mikono miwili, akauvuta. Bushiri akaruka kumsaidia. "Niache. Sijazeeka."

Mkuki ulitoka na bonge la udongo. Bi Mwanne aliufuta kwa upindo wa kaniki yake, akauinamisha usigonge juu ya mlango, akaingia nao ndani. Bushiri alisikia mpini ukiegemezwa ukutani, taratibu, kama kinavyowekwa kitu cha mwenyewe.

"Mtumie salamu huyo jumbe mpya," sauti ya mama yake ikasema nyuma ya pazia. "Mwambie mali yake ipo, aje na watu wanaojua kuzungumza. Na siku ya kuja wachague wao wenyewe. Wewe usichague."